Kiingereza ninacho, mbona Verbal ya GMAT inaniangusha?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu, nina miaka 31, nafanya kazi Mwanza. Mwezi wa tatu nilifanya GMAT, ule mtihani wa kuingia shule za biashara, nikapata 555: Quant (hesabu) 81, Data Insights (kuchambua data) 77, Verbal (kusoma na kupima hoja) 74. Hiyo Verbal imenishangaza, kwa sababu kazini ripoti zote naandika kwa Kiingereza. Nilijiandaa miezi minne. Nilikariri maneno karibu elfu moja na nikamaliza kitabu cha sarufi cha GMAT nilichoachiwa na mwenzangu ofisini. Siku ya mtihani maswali ya mwanzo niliyafanya kwa uangalifu sana maana niliambiwa ndiyo yanayobeba alama, matokeo yake saba ya mwisho nilibonyeza tu. Halafu mara nyingi nabaki na majibu mawili, nachagua moja, kumbe ni lile lingine. Nataka kuomba shule ya biashara ya INSEAD na nyingine mbili. Je, nihamie GRE, ule mtihani mwingine wa kuombea shule? Nitafute mwalimu? Shule zitaziona hizi alama? Na nikirudia, nianze na Verbal au niiache mwisho?"

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mengi, lakini naona kinachokunyima usingizi ni kimoja: kwamba huenda miaka yote hii Kiingereza chako kilikuwa kinakudanganya.

Hofu hiyo naikuta sana kwa watahiniwa wa Tanzania. Mtu kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kaingia kidato cha kwanza akabadilishiwa lugha bila kuulizwa, kajitutumua hadi chuo kikuu. Tangu hapo kila mtihani ukimwendea vibaya, mshukiwa wa kwanza ni Kiingereza. Kwa ulivyonieleza, safari hii mshukiwa huyo simwoni na hatia kubwa. Mtu anayeandika ripoti za hesabu kwa Kiingereza kila siku anacho Kiingereza cha kuelewa sehemu kubwa ya atakachokutana nacho kwenye GMAT. Matatizo yako ni mengine mawili, na yote umeyataja mwenyewe: yale maswali saba ya mwisho, na yale majibu mawili unayobaki nayo.

Kwanza nikitoe njiani kile kitabu cha sarufi, maana kimekula muda wako. Zamani Verbal ilikuwa na maswali ya aina tatu: ufahamu, hoja, na kusahihisha sentensi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyouza vitabu vya sarufi. GMAC, taasisi inayomiliki mtihani, ilileta toleo jipya Novemba 2023, na toleo la zamani likafanywa kwa mara ya mwisho tarehe 31 Januari 2024. Katika toleo jipya kusahihisha sentensi kumeondolewa kabisa, na insha nayo imeondoka. Verbal imebaki na maswali 23 kwa dakika 45, yote ya ufahamu au ya hoja. Ukifungua kitabu ukakuta sura za kusahihisha sentensi, au kinakwambia alama ya juu kabisa ni 800, ujue ni cha mtihani ambao haupo tena. Siku hizi jumla huanzia 205 hadi 805, daima inaishia na tarakimu 5, na kila sehemu kati ya zile tatu hupewa alama 60 hadi 90. Hata ile "700" ambayo watu bado wanaitaja kama ndiyo alama ya kuringia, kwa mizani mpya inalingana na 645 hivi. Kwa hiyo usijipime kwa hadithi za mwenzako aliyefanya mwaka 2019.

Maneno elfu moja nayo hayakuwa na kazi kubwa. Aya za GMAT zinatoka kwenye biolojia, historia, uchumi, sosholojia, na mtungaji hatarajii uyajue masomo hayo. Ukikutana na jina la mdudu au la nadharia, aya yenyewe itakufafanulia, isipokufafanulia, hulihitaji. Maneno yanayoangusha watu ni yale madogo ambayo kila mtu anadhani anayajua. Aya ikisema wengi wa wafanyabiashara walikopa, jibu linalosema baadhi yao walikopa ni sahihi, ingawa sikioni linasikika limepungua. Kwenye mtihani huu "some" maana yake ni angalau mmoja, haimaanishi kwamba wengine hawakufanya. Vivyo hivyo, kusema mkopo hutolewa pale tu mtu anapokuwa na mdhamini hakumaanishi kwamba kila mwenye mdhamini hupewa mkopo. Ukiyasoma hayo haraka kama unavyosoma barua pepe ya ofisini, utaanguka, uwe umezaliwa London au Misungwi.

Sasa yale maswali saba. Uliambiwa maswali ya mwanzo ndiyo yanayobeba alama. Uvumi huo una miaka mingi na umewaumiza wengi. Ni kweli kompyuta inakuchagulia swali linalofuata kwa kuangalia ulivyojibu yaliyopita: ukipata, linakuja gumu zaidi, ukikosa, linashuka. Lakini inaendelea kukukadiria hadi swali la 23. Ukitumia dakika tatu na nusu kwa kila swali la mwanzo, utapanda, utaletewa maswali magumu, kisha utayabonyeza bila kuyasoma na makadirio yatateremka swali baada ya swali. Na kuacha maswali bila kujibu ni vibaya zaidi, kuna adhabu yake. Sitashangaa ikiwa sehemu kubwa ya tofauti kati ya 74 yako na alama unayostahili imo humo tu. Wastani wa watahiniwa duniani kwenye Verbal uko karibu na 79, na sioni kwa nini wewe usiufikie na kuupita.

Tena alama hizo zina thamani kuliko unavyofikiri. Sehemu zote tatu zina uzito sawa kwenye jumla. Kwa makadirio, kila alama moja unayoongeza kwenye sehemu huleta alama sita au saba kwenye jumla. Verbal ikitoka 74 ikafika 80, na zile nyingine zisibadilike, 555 yako inasogea hadi karibu 595. Na sidhani kama zile nyingine zitabaki palepale, kwa sababu Data Insights imejaa maswali ya kusoma vyanzo viwili vitatu na kupima nani anasema nini. Anayejifunza kusoma kwa ajili ya Verbal huwa anavuna na huko.

Kabla hujabadilisha chochote, nataka ufanye kipimo kimoja Jumamosi moja asubuhi. Chukua maswali rasmi ya GMAC ambayo hujawahi kuyaona, kama 20 hivi, mchanganyiko wa ufahamu na hoja, uyafanye bila saa. Chukua muda wako wote. Kwenye kila swali andika pembeni kama umejibu kwa uhakika au umebahatisha. Kisha sahihisha. Ukipata mengi zaidi kuliko unavyopata ukibanwa na saa, ugonjwa wako mkubwa ni mgawanyo wa muda. Ukikosa mengi wakati kila sentensi uliielewa, ugonjwa ni namna unavyochagua jibu. Na ukikuta ulikosa kwa sababu sentensi zenyewe zilikushinda, hata ulipozisoma mara tatu kwa utulivu, hapo ndipo tutakaporudi kumkamata yule mshukiwa wa kwanza. Wengi wa watu wenye maelezo kama yako huangukia kundi la pili likiwa limechanganyika na la kwanza.

Kundi hilo la pili nataka nikuonyeshe kwa mfano, kwa sababu kulieleza kwa maneno matupu hakusaidii. Huu ni mfano nilioutunga mwenyewe, na nimeuweka kwenye fani yako makusudi.

Chama kimoja cha akiba na mikopo kilianza mwezi Januari kuwatumia wakopaji ujumbe wa simu wa kuwakumbusha tarehe ya marejesho. Kufikia Desemba, wakopaji wanaochelewa kulipa walikuwa wameshuka kutoka asilimia 20 hadi asilimia 8. Meneja akahitimisha kwamba ujumbe wa simu ndio uliowafanya watu walipe kwa wakati. Swali: lipi kati ya haya linadhoofisha zaidi hitimisho la meneja?

A. Baadhi ya wakopaji wana laini zaidi ya moja na hawasomi kila ujumbe wanaotumiwa.
B. Gharama ya kutuma ujumbe ilipanda katikati ya mwaka.
C. Kuanzia Januari ileile, chama kiliacha kumkopesha mwanachama yeyote ambaye mwajiri wake hakati marejesho moja kwa moja kwenye mshahara.
D. Wakopaji wengi walisema walifurahi kukumbushwa.
E. Chama jirani kinapanga kuanzisha utaratibu kama huo mwaka ujao.

Mhasibu mzoefu akifika hapa, B na E anazitupa haraka, D anaiona inaelekea upande wa meneja. Anabaki na A na C. Na wahasibu wengi, nakwambia, wanavutiwa na A. Kwa nini? Kwa sababu ni kweli! Wamefanya kazi na wakopaji, wanajua mtu ana Voda, ana Airtel, na ile ya benki kaisahau kwenye droo. Wanaanza kujenga hadithi: kama ujumbe hausomwi, basi haukusaidia. Lakini angalia ni kitu gani wamekiongeza. A inasema baadhi. Hao wengine waliousoma wanaweza kutosha kabisa kushusha asilimia. Na zaidi ya hapo, A haielezi kwa nini wachelewaji walipungua. Kushuka kule kumetokea, ni ukweli uliotolewa, haubishaniwi. Kinachobishaniwa ni sababu yake. C inaleta sababu nyingine iliyoanza siku zilezile: mshahara unakatwa kabla haujamfikia mkopaji, atachelewa vipi? Haihitaji umsaidie kwa maelezo yako.

Hapo ndipo penye siri ya majibu mawili unayobaki nayo. Jibu bovu linalokuvuta karibu kila mara ni lile unalolisaidia: unalijazia hatua iliyokosekana kwa ujuzi wako wa maisha, kisha unasahau kwamba hatua hiyo ni yako, haimo kwenye swali. Kadiri unavyojua mengi kuhusu mada, ndivyo unavyolisaidia zaidi. Ndiyo maana nimewaona watu wa benki wakikosa maswali ya benki na kupata ya popo.

Mfano huohuo una mtego mwingine ambao wewe, kwa kazi yako, unapaswa kuuona kabla ya mtu yeyote. Tuseme meneja angehitimisha hivi: "Kwa hiyo sasa tuna wachelewaji wachache kuliko mwaka jana." Alichotoa ni asilimia, alichohitimisha ni idadi. Kama mwaka jana wakopaji walikuwa 500, asilimia 20 ni watu 100. Kama mwaka huu wamefika 1,500, asilimia 8 ni watu 120. Wachelewaji wameongezeka. GMAT inaupenda mchezo huu: asilimia dhidi ya idadi, gharama dhidi ya faida, waliolalamika dhidi ya wenye matatizo, mpango dhidi ya matokeo. Kwenye kila swali la hoja, kabla hujatazama majibu, jiulize anataka niamini nini, ametoa ushahidi gani, na kati ya hivyo viwili ameruka wapi. Ukishaiona ile hatua aliyoiruka, jibu sahihi mara nyingi linakuwa linaigusa. Usipoiona, majibu yote matano yataonekana yana akili.

Kwenye ufahamu kosa huwa ni la namna nyingine. Wengi wanasoma aya kama wanasomea mtihani wa kidato cha nne: wanataka kushika kila kitu, tarehe, majina, hatua za kemikali, kwa hofu kwamba havitarudi. Lakini aya haiondoki. Inakaa upande mmoja wa kioo muda wote unapojibu maswali yake. Unachohitaji kubaki nacho kichwani baada ya kusoma ni kidogo: mwandishi yuko upande gani, ni nani mwingine ana maoni hapa, na kila kipande cha aya kinafanya kazi gani. Kipande cha kwanza kinaeleza imani ya zamani, cha pili kinaleta utafiti unaoipinga, cha tatu kinasema utafiti nao una kasoro. Basi. Ukiwa na hicho, swali likikuuliza jambo dogo unajua urudi wapi, na unarudi kweli, kwa macho, hujibu kwa kumbukumbu. Kwa aya ndefu nakubali utumie hata dakika tatu kusoma. Wanaosoma kwa dakika moja na nusu ili "kuokoa muda" wanaulipa mara mbili kwenye maswali. Yale mafunzo ya kusoma kasi yanayouzwa mtandaoni, kwa mtihani huu, mimi siyapendi hata kidogo.

Unapochagua jibu la ufahamu, kaa kama mkaguzi wa hesabu. Mkaguzi haulizi kama matumizi yana busara au kama mtu ni mwaminifu. Anauliza risiti iko wapi. Jibu lako lionyeshe mstari uliotoka. Ukiona aya inasema utaratibu fulani ulipunguza gharama katika viwanda vidogo, na jibu linasema utaratibu huo unafaa viwandani, risiti haitoshi: nani alisema viwanda vyote, na nani alisema unafaa? Majibu mabaya ya ufahamu yana desturi zake. Lingine linakuza jambo kwa maneno kama "kila", "pekee", "kamwe". Lingine nusu yake ya kwanza ni sahihi tupu na uharibifu umewekwa kwenye maneno matatu ya mwisho. Lingine linampa mwandishi maoni ambayo aliyataja ili ayapinge. Hili la mwisho linawapata sana wanaosoma haraka, kwa sababu maneno yote ya jibu wanayakumbuka kutoka kwenye aya.

Sasa namna ya kujifunza. Miezi minne yako ya kwanza, nadhani, ilikwenda hivi: unafanya maswali mengi, unasahihisha, unasoma maelezo ya jibu, unaitikia kwa kichwa, unaendelea. Kule kuitikia ndiko kunakodanganya, kwa sababu maelezo ya jibu sahihi huwa yanaeleweka daima. Huo si uponyaji. Kila swali ulilokosa, na kila ulilobahatisha hata kama umepata, lifungulie ukurasa kwenye daftari. Kabla hujasoma maelezo ya kitabu, andika sentensi mbili: kilichonivuta kwenye jibu langu ni nini, na ni neno gani hasa ndani ya jibu hilo linaloliua. Halafu hivyohivyo kwa jibu sahihi: nililikataa kwa sababu gani. Itakuchukua dakika kumi kwa swali moja, pengine zaidi, na utajiona hufanyi kitu. Maswali kumi na mawili kwa siku kwa mtindo huo yanamtosha mtu mwenye ajira. Baada ya wiki tatu pitia daftari lote kwa mpigo. Utakuta hukosei kwa njia arobaini tofauti. Unakosea kwa njia nne au tano, zilezile, zinazorudi.

Daftari hilo liandike kwa Kiswahili ukitaka. Mimi huwashauri wanafunzi wengi wafanye hivyo, na wengine hushangaa. Hoja ukiweza kuieleza kwa Kiswahili chepesi, kama unamsimulia mama yako nyumbani kwamba meneja kasema hivi kwa sababu ya hivi, umeielewa kweli. Ukishindwa, ulikuwa umeshika maneno ya Kiingereza bila mzigo wake. Ila mwisho wake ni hapo kwenye daftari. Siku ya mtihani hakuna muda wa kutafsiri kichwani, na anayetafsiri kila sentensi hatamaliza. Kwa hiyo sambamba na hayo soma Kiingereza kizito dakika ishirini kila siku, kitu chenye hoja ndani yake: makala za The Economist, uchambuzi kwenye The EastAfrican, makala za sayansi. Hatua hii huzaa polepole. Kama mtihani ni mwezi ujao isikupotezee muda. Kama una miezi minne au mitano, usiiache.

Saa iingie baadaye. Wiki tatu au nne za mwanzo fanya bila saa hadi uchaguzi wako utulie, ndipo uanze kujibana. Kwa dakika 45 na maswali 23, kila swali lina chini kidogo ya dakika mbili. Usiangalie saa kila swali, utachanganyikiwa. Weka vituo viwili tu: ukimaliza swali la 8 uwe umebakiwa na dakika 29 hivi, ukimaliza la 16 uwe na 13 au 14. Ukiwa nyuma, swali gumu linalofuata litolee sadaka: ondoa majibu mawili mabaya, chagua, songa mbele. Kutoa sadaka maswali mawili kwa hiari, katikati, ni bora kuliko kupokonywa saba mwishoni. Toleo jipya linakuruhusu kuweka alama kwenye maswali na mwishoni mwa sehemu kubadilisha majibu hadi matatu, muda ukiwa umebaki. Ni msaada, lakini usiupangie mkakati. Wengi hawabakiwi na muda huo, na wanaobakiwa nao wakati mwingine hubadilisha jibu sahihi kwa woga.

Vifaa: anza na maswali rasmi ya GMAC, na mitihani miwili kamili ya majaribio wanayoitoa bure kwenye mba.com. Mitihani hiyo usiichezee wiki ya kwanza. Mmoja utumie katikati, mwingine siku kumi kabla. Maswali rasmi ya hoja yakikuishia, maswali ya hoja ya LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria Marekani na Kanada, ni mazoezi mazuri na magumu kidogo zaidi. Yale mafaili yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram kwa jina la "maswali yaliyovuja" kaa nayo mbali. Mwaka 2008 GMAC ilifuta alama za watu waliokuwa wametumia tovuti ya maswali ya wizi, wengine wakiwa wameshapeleka maombi shuleni. Yaliyo halali yanakutosha.

Kuhusu GRE. INSEAD inaipokea, na shule nyingi kubwa zinaipokea, kwa hiyo si njia ya uchochoroni. Ni fupi, chini ya saa mbili tangu ilipopunguzwa Septemba 2023, na hakuna sehemu ya Data Insights. Lakini Verbal yake ndiyo inayotaka msamiati: karibu nusu ya maswali ni ya kujaza neno linalofaa, na hapo maneno yako elfu moja yangepata kazi hatimaye, pamoja na mengine mengi usiyoyajua bado. Hoja na ufahamu vimo pia, kwa hiyo ule udhaifu wa majibu mawili utahama na wewe. Ushauri wangu: ETS, wenye GRE, wana mitihani ya majaribio ya bure inayoitwa POWERPREP. Fanya mmoja Jumapili moja, ukijibana na saa kama siku ya mtihani. Ukijisikia nyumbani, tuzungumze. Bila hivyo, ningebaki GMAT, kwa sababu kosa lililokugharimu zaidi, la muda, ni rahisi kurekebisha kuliko kujenga msamiati wa GRE ukiwa na kazi ya kutwa.

Mwalimu wa ana kwa ana? Si sasa. Jipe wiki sita za daftari na vituo vya saa. Kama baada ya hapo bado unakosa zaidi ya nusu hata bila saa, tafuta mtu, kwa maana kuna kitu hukioni na huwezi kukiona peke yako. Mjaribu kabla ya kumlipa: mpe swali rasmi la hoja asiloliandaa, umwombe afikiri kwa sauti mbele yako na akwambie kwa nini kila moja ya yale majibu manne ni bovu. Akisema tu "hili ndilo linaloleta maana", ondoka. Anayekuahidi alama fulani naye muage. Na ikiwa kwenye kile kipimo cha Jumamosi utakuta sentensi zenyewe ndizo zilizokushinda, unachohitaji ni mwalimu wa Kiingereza cha kusoma kwa miezi kadhaa. Mwalimu wa GMAT atakula fedha yako bure.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja ila nalisema kwa sababu unashinda mbele ya kompyuta. Kama mistari inakuchezea, kichwa kinauma baada ya nusu saa ya kusoma, au tangu utotoni umekuwa ukisoma polepole kuliko wenzako wote licha ya akili yako, nenda kapime macho, na ikibidi umwone mtaalamu wa matatizo ya kusoma. GMAC inatoa muda wa ziada kwa wenye uthibitisho wa kitaalamu, lakini maombi hupitishwa kwanza ndipo tarehe ihifadhiwe, na huchukua muda. Vilevile kama mikono ilitetemeka na ukashindwa kuelewa hata sentensi rahisi siku ile, hiyo ni hofu ya mtihani, na mshauri nasaha atakusaidia kuliko mimi.

Alama zako za mwezi wa tatu zisikusumbue. Kwa utaratibu wa sasa unaziona kwanza, kisha wewe ndiye unayeamua shule gani ipelekewe, usipozituma hawazioni. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 16, hadi mara tano ndani ya miezi 12, lakini siku 16 ni ruhusa tu, usiifanye mpango. Ningesema miezi mitatu. INSEAD huanza masomo mara mbili kwa mwaka, Januari na Agosti, kwa hiyo awamu moja ikikupita ipo nyingine. Weka tarehe pale mtihani wa majaribio wa katikati utakapokupa Verbal ya 78 au zaidi.

Na mpangilio: unaruhusiwa kuchagua sehemu ipi ianze. Kwa kuwa hesabu hazikutishi, ningeanza na Verbal wakati macho bado mapya, nifanye Data Insights katikati, nitumie yale mapumziko ya dakika kumi kabla ya Quant. Jaribu mpangilio huo kwenye mtihani wa kwanza wa majaribio na ule wa kinyume chake kwenye wa pili, halafu fuata uliokupa alama nzuri.